Poda ya kobalti kwenye malori ya Kasumbalesa ni sumu ya namna gani?

Tangu Februari 2025, serikali ya Kongo iliposimamisha kupeleka kobalti nje, hapa Lubumbashi hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga mgodini ana la kusema juu ya madini hayo. Tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo mlango ulifunguliwa tena, safari hii kwa mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Wakubwa wanabishana juu ya bei na kodi. Wenye nyumba kando ya barabara ya Kasumbalesa, mji wa mpakani tunakovukia kwenda Zambia, wana swali jingine kabisa. Ile mifuko mikubwa myeupe inayopita juu ya malori, na mingine iliyolala miezi kwenye maghala ikingoja kibali, ndani yake mna nini? Na je, kinaua?

Majibu ya mtaani ni mawili. Wapo watakaokuambia ni sumu ya mionzi, ukiigusa tu umekwisha, na hutapata mtoto tena. Wapo watakaocheka: baba zetu walifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, miaka na miaka, wakala vumbi hilo pamoja na bukari, yaani ugali, wakazeeka na wajukuu mikononi, huo ni udongo tu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Shida ni kwamba wa kwanza wanaogopa kisichotisha, na wa pili wanadharau kile hasa kinachodhuru.

Tuanze na kilichomo mfukoni. Kobalti yenyewe ni metali ngumu ya kijivu inayong'aa, jamaa ya chuma na nikeli. Lakini kinachosafiri kwenda Kasumbalesa kwa kawaida si metali. Ni kampaundi, yaani metali iliyofungamana na vitu vingine mpaka kikatokea kitu kipya chenye rangi na tabia zake. Kutu ni kampaundi ya chuma, na kila mtu anajua kwamba kutu haina ugumu wa chuma wala mng'ao wake. Hidroksidi ya kobalti ni kobalti iliyofungamana na oksijeni na hidrojeni, na ndiyo sura ambayo sehemu kubwa ya kobalti ya Kongo inauzwa nayo. Ikifika ng'ambo, hasa China, inageuzwa tena kuwa kampaundi nyingine, sulfati, inayoingia kwenye betri za simu na magari.

Inavyozaliwa ni hadithi ya asidi. Jiwe linalochimbwa upande wa Kolwezi na Fungurume, lile jeusi linaloitwa heterojeniti, linasagwa na kutiwa kwenye asidi ya sulfuri, pamoja na kemikali nyingine inayoilazimisha kobalti iachie jiwe. Shaba na kobalti zinayeyuka pamoja. Shaba inatolewa kwanza, kwa umeme, na kutoka ikiwa mabamba. Kimiminika kinachobaki kinasafishwa chuma na manganizi, kisha kinatiwa magnesia, unga mweupe unaoua ukali wa asidi. Kobalti ikikosa asidi ya kuishikilia haiwezi kuendelea kuelea humo. Inaganda na kuzama. Tope hilo linakamuliwa na kufungwa mifukoni.

Likiwa safi kabisa lina rangi ya waridi. La viwandani halina usafi huo, kwa hiyo mara nyingi utaona rangi ya kahawia au zambarau iliyochakaa. Likikaa hewani linazidi kuwa la kahawia, kwa sababu oksijeni ya hewa inaendelea kufanya nalo kazi taratibu. Mzigo wa ghalani uliobadilika rangi haujaoza, wala haujageuka sumu mpya.

Kuna tabia tatu za poda hii ambazo msomaji akizishika, mengine yote yatafunguka yenyewe. Haiyeyuki kwenye maji, au inayeyuka kidogo mno. Inayeyuka kwenye asidi. Na inapotoka kiwandani imebeba maji mengi, mara nyingi nusu ya uzito wake, kwa hiyo ni tope zito lisilopeperuka, ila tope hilo likikauka linakuwa vumbi.

Sasa tuingie mwilini. Wanaosema kobalti ni vitamini hawajatunga uongo. Vitamini B12, ambayo bila hiyo damu haitengenezwi sawasawa, ina atomu ya kobalti katikati yake. Lakini tazama kiasi: mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku, na kobalti iliyo ndani yake haifiki hata sehemu mbili za kumi za mikrogramu moja. Tena mwili wa binadamu haujui kuitengeneza vitamini hiyo kwa kobalti tupu. Unaipokea ikiwa tayari imetengenezwa, kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Vumbi la mgodini halimpi mtu B12 hata chembe.

Madaktari wenyewe waliwahi kuijaribu kobalti kama dawa. Katikati ya karne iliyopita, wagonjwa wenye upungufu wa damu walipewa kloridi ya kobalti, kwa kuwa kobalti inaudanganya mwili uone kana kwamba umekosa oksijeni, nao unakimbilia kutengeneza chembe nyekundu. Damu iliongezeka kweli. Lakini wengine, watoto hasa, walivimba tezi la shingoni, na wapo walioanza kupoteza usikivu. Dawa hiyo ikaachwa.

Kisha likaja jambo la bia. Mwaka 1965, viwanda vya bia vya Quebec, Kanada, viliongeza sulfati ya kobalti ili povu likae juu ya bilauri. Kufikia 1966 wanywaji karibu 50 walikuwa wamelazwa, mioyo imelegea na kuvimba, na 20 hivi wakafa. Kilichowashangaza madaktari ni kwamba kobalti waliyokunywa watu hao ilikuwa kidogo kuliko ile waliyopewa wagonjwa wa damu. Tofauti ilikuwa kwenye miili: hawa walikuwa wanywaji wakubwa wenye lishe duni, na pombe pamoja na njaa viliupa moyo udhaifu ambao kobalti iliumalizia. Nikifikiria wachimbaji wanaoshinda shimoni bila kula na kufunga siku kwa lutuku, pombe kali ya kienyeji, naona kisa cha Quebec kinatuhusu kuliko kinavyoonekana.

Hayo ni ya kumeza. Hatari kubwa ya hidroksidi hupita puani.

Pilipili kavu ikiwa kikapuni haimsumbui mtu. Itwange, na nyumba nzima itakohoa. Poda hii ni hivyohivyo, ila kikohozi cha pilipili kinaisha jioni. Kanuni za kimataifa za usafirishaji wa mizigo ya hatari zimelitambua jambo hili kwa namna ya pekee. Hidroksidi ya kobalti ya kawaida husafirishwa kama mzigo unaodhuru mazingira. Lakini mwaka 2021, kanuni za mfano za Umoja wa Mataifa katika toleo la 22 ziliipa namba yake yenyewe, 3550, kwenye kundi la 6.1 ambalo ni la sumu, iwapo angalau asilimia 10 ya poda hiyo ni chembe laini zinazoweza kuvutwa hadi mapafuni. Kampaundi ni ileile, jina ni lilelile. Kinachoihamisha kutoka kundi moja kwenda jingine ni ulaini wa vumbi lake.

Ni vumbi kiasi gani? Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanapendekeza hewa ya kazini isizidi miligramu 0.02 za kobalti kwa kila mita ya ujazo. Chukua chumba cha mita nne kwa nne, chenye kimo cha mita mbili na nusu. Kwa kipimo hicho, hewa yote ya chumba isibebe hata miligramu moja ya kobalti. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho. Kwa hiyo mlinzi wa ghala anayesema "mimi sioni vumbi humu" hajasema chochote kuhusu usalama wake. Na akiliona likicheza kwenye mwanga wa dirisha, mpaka umeshapitwa zamani.

Linafanya nini likifika ndani? Kwa baadhi ya watu linazaa pumu, na pumu hii ina ujanja. Haianzi siku ya kwanza. Mtu anafanya kazi miezi, pengine mwaka, mwili unajifunza kuichukia kobalti taratibu, halafu siku moja vumbi kidogo tu linambana kifua. Dalili ya kuipeleleza ni hii: kifua kinatulia siku za mapumziko au likizo, kinarudi kubana mtu akirudi kazini. Anayeona mwendo huo amweleze daktari wazi, maana bila kuelezwa daktari atatibu mafua tu.

Ngozi nayo ina mzio wake: vipele na mwasho kwenye viganja, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono ambapo glavu zinaishia. Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hautoki maisha yote, na wengi wanaoupata huwashwa pia na nikeli ya kifungo cha mshipi au hereni za bei rahisi. Ama saratani, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikutana mwaka 2022 na kuiweka metali ya kobalti, pamoja na chumvi zake zinazoyeyuka, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Hidroksidi, kwa kuwa haiyeyuki kwenye maji, haikutajwa katika kundi hilo. Mimi nisingejifariji sana kwa hilo, na sababu iko tumboni.

Kumbuka tabia ya pili: inayeyuka kwenye asidi. Tumbo la binadamu lina asidi ya kutosha. Sasa mtazame kijana wa kupakia mifuko saa sita mchana. Mikono ameipangusa kwenye suruali, ambayo ina vumbi kuliko mikono. Sahani ya bukari na lengalenga imewekwa katikati, watu wanne wamechutama. Anakata tonge, analiminya kwa vidole, analibonyeza kwa dole gumba lipate shimo la mboga, na kila anapobonyeza, ule mstari wa kahawia chini ya ukucha unaacha alama kwenye bukari. Tonge linakwenda. Kile ambacho maji ya mvua yasingekiyeyusha, tumbo lake linakiyeyusha kabla hajarudi kazini. Maji na sabuni kabla ya kula, na kucha fupi, vinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Havihitaji kuiyeyusha poda, vinatakiwa kuiondoa tu.

Ile suruali ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu jioni inakwenda nyumbani. Inakung'utwa uani, inatundikwa msumarini chumba wanamolala watoto, inafuliwa na mama kwenye beseni moja na nguo za mtoto mchanga. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga, eneo letu hili la migodi. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto ndio waliozidi. Mtoto hachimbi wala hapakii malori. Anacheza chini, anaweka vidole mdomoni, analala karibu na nguo za kazi.

Vipimo vya namna hiyo visomwe kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya kobalti iliyoingia damuni hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, kwa hiyo kipimo cha leo kinasimulia siku chache zilizopita, hakisimulii miaka kumi. Wala kobalti nyingi kwenye mkojo si ugonjwa. Ni habari kwamba mlango uko wazi.

Habari ya kutozaa nayo inahitaji utaratibu. Panya wa maabara waliopewa kobalti kwa wingi walidhurika korodani, hilo linajulikana. Kwa binadamu, utafiti mmoja uliofanyika hapahapa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha watoto waliozaliwa na kasoro na wale waliozaliwa bila kasoro. Baba kufanya kazi za migodi kulionekana kuongeza uwezekano wa kasoro kwa kiasi kikubwa. Lakini watafiti hawakuweza kusema kobalti ndiyo mkosaji peke yake, maana vumbi la Katanga linabeba pia shaba, arseniki, risasi, manganizi na urani. Anayesema mwanamume aliyegusa poda hazai tena amepitiliza, ila baba anayeacha nguo za kazi kazini anafanya jambo la maana.

Tufike kwenye mionzi, ambayo ndiyo hofu kuu ya mtaani. Kobalti ya ardhini yote ni ya aina moja, kobalti-59, na haina mionzi hata kidogo. Ile yenye mionzi, kobalti-60, hutengenezwa na watu ndani ya vinu vya nyuklia na hutumika hospitalini kutibu saratani. Majina yanafanana, hofu ikahama kutoka moja kwenda nyingine. Hata hivyo hofu hiyo si ya bure kabisa. Nchi hii ndiyo ya Shinkolobwe, ilikotoka urani nyingi ya bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mawe ya kobalti ya Katanga mara nyingine yana urani kidogo ndani yake. Novemba 2018 kampuni ya Kamoto ya Kolwezi ilisimamisha kuuza hidroksidi yake nje kwa muda, baada ya kukuta urani iliyozidi kiwango kinachoruhusiwa kupita bandarini. Yenyewe ilisema ni kidogo kisichodhuru afya. Kwa anayesimama kando ya barabara malori yakipita, urani hiyo ni jambo dogo. Kwa anayelala juu ya rundo la mawe ili yasiibwe, si jambo la kupuuza.

Maziwa? Wafanyakazi wengi wanaamini glasi ya maziwa jioni inaosha mapafu. Maziwa yanakwenda tumboni, mapafu yako kwingine. Ni chakula kizuri, na mtu aliyekula vizuri anastahimili zaidi, kama bia ya Quebec ilivyofundisha, lakini hayafuti vumbi lililovutwa. Barakoa ya kitambaa nayo inazuia mchanga na kumpa mtu moyo. Chembe laini zinapita. Inayofaa ni ile ya kuchuja vumbi laini, yenye alama FFP2 au FFP3, tena iwe imebana uso pande zote. Ndevu ndefu zinaiharibia kazi.

Neno moja juu ya malori mengine, maana watu wanayachanganya. Yanayotoka Kasumbalesa kuja huku yakiwa na matangi mara nyingi yamebeba asidi, ileile inayoyeyusha jiwe. Februari 2019, karibu na Tenke, kwenye barabara ya Kolwezi, lori la asidi liligongana na magari mengine likiwemo basi, na watu karibu 20 wakafa. Asidi inaunguza dakika hiyohiyo. Hidroksidi haiungui, hailipuki, haitoi harufu, na mtu aliyeishika leo atalala salama, na ndiyo maana ni rahisi kuidharau. Lori lenye tangi likipinduka, kimbia upande upepo unakotoka na usirudi kuchota chochote. Mfuko wa poda ukipasuka, huna haja ya kukimbia.

Poda iliyomwagika ikiwa bado na unyevu, ichotwe hivyohivyo kwa beleshi. Iliyokauka inyunyiziwe maji taratibu kabla ya kuguswa. Kuifagia kavu ndiko kuirusha puani. Maji hayo yasielekezwe kwenye mfereji, kwa kuwa kobalti ni sumu kali kwa samaki na viumbe vya majini, na ikifika kwenye maji yenye asidi ya viwandani inayeyuka na kusafiri mbali. Watoto waondolewe, hasa miezi ya kiangazi upepo unapovuma. Mboga za bustani iliyo karibu zioshwe jani kwa jani.

Halafu kuna mifuko yenyewe. Ikishamwagwa huishia sokoni, kwa kuwa ni imara na inashika mzigo wa tani nzima. Watu wanaitumia kama kivuli cha kibanda, wanaipakia mkaa, na wengine wanaianikia mahindi. Tafuta alama ubavuni kabla ya kununua: samaki na mti vilivyokufa, kifua cha mtu chenye nyota, au namba 3550. Kama ubavu umekatwa au alama imesuguliwa ikafutika, chukua iliyobeba kitu unachokijua. Nyuzi za mfuko wa namna hii hushika poda ndani yake hata baada ya kuoshwa, na mahindi yanayoanikwa juu yake yatakwenda kinuni bila kuoshwa tena.